Namna ya kumfundisha mtu vipokezi vya glutamati bila kumkaririsha

Mpwa wangu anasomea udaktari hapa Tanga. Kaja kwangu Ngamiani na daftari limejaa majina ya vipokezi, yaani protini za juu ya seli zinazopokea ujumbe wa kemikali: NMDA, AMPA, kaineti, na herufi za kila kijisehemu. Kayakariri yote, lakini ukimuuliza kinachofanywa na hata kimoja, kimya. Tukakaa barazani tukaanza upya, kwa hatua hizi.

Hatua ya 1: Vifaa

Karatasi ya manila, penseli, kizibo kimoja cha soda, punje za mchele (ndizo sodiamu yetu) na kunde kiasi. Video za intaneti achana nazo kwanza. Rangi zake nzuri, ila mwanafunzi anabaki mtazamaji. Na fukuza kuku mapema. Wa jirani yangu walitumalizia sodiamu yote.

Hatua ya 2: Chora sinapsi

Ndipo seli mbili za neva zinapopeana ujumbe. Seli ya juu inamwaga glutamati, ya chini inapokea. Andika pembeni kwamba glutamati ndiyo mjumbe mkuu wa kuamsha seli za ubongo, na kwamba GABA, inayozituliza, hutengenezwa kutokana na glutamati hiyohiyo.

Hatua ya 3: AMPA

Kipokezi hiki ni mlango kwenye seli ya chini. Glutamati inashika, mlango unafunguka, mchele (sodiamu) unaingia, mlango unafunga. Yote ndani ya milisekunde chache. Endelea.

Hatua ya 4: NMDA

Hapa ndipo jioni yetu ilipoishia, kwa hiyo usikimbie.

Chora mlango wa pili, kisha weka kizibo cha soda katikati ya njia yake. Hicho ndicho magnesiamu. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna takriban milivolti hasi 70. Mwagia glutamati: mlango unaitika, lakini hakipiti kitu. Mwanafunzi lazima akione kituko hiki kwa macho yake kabla hujamweleza.

Mpwa wangu akanikamata hapohapo: “Mjomba, magnesiamu si ina chaji chanya? Ndani ni hasi. Mbona isivutwe ikaingia moja kwa moja?” Swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Inavutwa kweli, ndiyo maana inaingia njiani. Tatizo ni kwamba imeyang'ang'ania maji yaliyoizunguka, na ikifika penye wembamba inakwama. Kadiri ndani kunavyozidi kuwa hasi, ndivyo inavyozidi kubana.

Sasa rudi kwa AMPA, mwaga mchele mwingi, uhasi wa ndani upungue. Mvuto unalegea, kizibo kinatoka, NMDA inapitisha. Ni kama mlango wenye kitasa nje na komeo ndani: mgeni azungushe ufunguo, na mwenyeji naye ainue komeo.

Tahadhari tatu. Kwanza, usiseme kizibo kinatoka ghafla kwenye namba fulani. Magnesiamu huingia na kutoka haraka mno, na volti hubadilisha tu muda inaokaa. Pili, glutamati peke yake haitoshi: glisini, au serini ya aina ya D, ambazo ni asidi amino ndogo, lazima ishike upande wake. Watu huisahau hii na kwenye mtihani inawaangusha. Tatu, usimwambie kwamba hii ndiyo sababu nzima ya magnesiamu salfeti kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Dawa hiyo hulegeza mishipa ya damu pia.

Hatua ya 5: Kunde

NMDA ikifunguka, pamoja na mchele pitisha kunde, yaani kalsiamu. Hiyo ndiyo inayoiambia seli iongeze AMPA mahali pale, na sinapsi inapata nguvu. Mwaka 1973 Bliss na Lømo walionyesha katika hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ya sungura kwamba nguvu hiyo inaweza kudumu saa nyingi. Kujifunza kunaanzia hapa.

Hatua ya 6: Maradhi

Mwaga kunde zote kwa mkupuo. Katika kiharusi seli zinakosa oksijeni na sukari, pampu zinasimama, glutamati inafurika na kalsiamu inaziua seli. Kwa watu wa pwani nina mfano mwingine: Kanada, 1987, watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome wenye asidi ya domoiki, sumu inayoamsha vipokezi vya kaineti. Baadhi yao hawakuweza tena kushika kumbukumbu mpya.

Kisha futa milango ya NMDA kwa kifutio. Kuna ugonjwa, ulioelezwa na Dalmau na wenzake 2007, ambapo kingamwili za mgonjwa mwenyewe huondoa vipokezi hivi juu ya seli. Binti mzima wa afya anaanza kuweweseka, kuona visivyoonekana, kisha degedege. Huku kwetu atapelekwa kupungwa pepo kabla ya hospitali. Unatibika, na wakati mwingine chanzo ni uvimbe kwenye ovari, mwanafunzi autafute.

Hatua ya 7: Dawa

Ketamini, dawa ya usingizi, kila chumba cha upasuaji kinaijua. Inaingia mlango wa NMDA ukiwa wazi na kuuziba. Memantini, ya ugonjwa wa Alzheimer, inaziba humohumo ila inatoka upesi zaidi, ndiyo maana mgonjwa anaimeza kila siku bila kupoteza fahamu.

Vipokezi vya metabotropiki, aina 8, si milango kabisa. Viweke siku nyingine, kwenye karatasi mpya.