Kujiuguza baada ya kutolewa kifuko cha nyongo, kwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, kisha baada ya miezi kadhaa akalazimika kutolewa kifuko cha nyongo, mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani, iwe ni Njiro, Majengo au Kibosho, akiwa na maelekezo yaleyale wanayopewa wagonjwa wote wa nyongo. Maelekezo hayo si mabaya, ila yamelengwa kwa mtu ambaye mfuko wake wa chakula haujaguswa. Kwako wewe, ulaji, unywaji na hata dawa ya maumivu lazima vizingatie upasuaji wa kwanza ndipo vizingatie wa pili, na jambo hilo unapaswa kulisimamia wewe mwenyewe pamoja na anayekuuguza.

Usijilaumu kwamba ulikula vibaya. Uzito unapopungua kwa kasi, ini humwaga kolesteroli nyingi zaidi kwenye nyongo, na kwa kuwa unakula kidogo na mafuta ni machache, kifuko hakijikamui ipasavyo. Nyongo hutuama humo na vijiwe hujijenga. Hatari ni kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo, ndiyo maana madaktari wengi huwapa wagonjwa asidi ya ursodeoksikoliki kwa takribani miezi 6. Kama ulikuwa ukiitumia, muulize daktari kama bado ina kazi, kwa kuwa kifuko kikishatolewa kwa kawaida sababu yake huwa imekwisha.

Dawa ya maumivu ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Katika maduka mengi ya dawa, ukisema tu kwamba una maumivu ya mshono utapewa diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo, pamoja na aspirini, zinaweza kutoboa vidonda kwenye mfuko mdogo wa chakula, hasa pale ulipounganishwa na utumbo, na vidonda hivyo huweza kuvuja damu. Usizimeze wala usikubali kuchomwa sindano yake kabla ya kumweleza mtoa huduma kwamba tumbo lako limepunguzwa. Parasetamoli ndiyo salama zaidi, mradi vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 ndani ya saa 24; mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye matatizo ya ini apangiwe kiwango kidogo zaidi na daktari.

Ikiwa ulipasuliwa kwa matundu madogo, utashangaa kwamba bega linauma kuliko tumbo. Hiyo ni gesi iliyotumika kulitanua tumbo wakati wa upasuaji, nayo huisha ndani ya siku chache. Kinachosaidia ni kuinuka na kutembea taratibu uani mara kadhaa kwa siku, jambo ambalo pia huzuia damu kuganda miguuni. Miteremko ya Machame na Old Moshi iache kwanza, na bodaboda vilevile, kwa sababu kila shimo la barabarani utalisikia kwenye mshono. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na wewe hupaswi kuinua zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki kadhaa, na wiki hizo zifike 6 kwa aliyepasuliwa kwa mshono mkubwa. Tafuta mtu wa kukuchotea maji. Mshono wenyewe uoshe kwa maji na sabuni baada ya muda uliopangiwa, ukaushe kwa kuugusagusa, na usiupake kitu ambacho hukuandikiwa.

Sasa chakula, ambacho kwetu ndicho chenye mtihani, kwa sababu ndugu wanaokuja kukujulia hali huja na chupa ya mtori mzito wakitaka ule urudishe nguvu kama mzazi. Mtori unafaa sana, ila uandaliwe hivi: chemsha nyama isiyo na mafuta, uache mchuzi upoe mpaka mafuta yagande juu, uyaengue yote kwa kijiko, ndipo uchemshe ndizi humo na kuziponda ziwe laini pamoja na nyama. Kula vijiko vichache, tafuna polepole, na uache mara tu unapohisi umeshiba. Maji na uji mwepesi vinywe kando, angalau nusu saa baada ya kula. Kila siku lenga gramu 60 hadi 80 za protini, kutoka kwenye mayai, samaki, maharage yaliyopondwa na maziwa mgando yasiyo na mafuta mengi.

Mafuta huna haja ya kuyakimbia maisha yako yote. Ini hutengeneza mililita 500 hadi 1,000 za nyongo kwa siku, wakati kifuko kilibeba 30 hadi 50 tu. Sasa nyongo inatiririka moja kwa moja kwenye utumbo, hivyo mlo mmoja wenye mafuta mengi ndio unaokuharisha. Parachichi, kwa mfano, lianze na kipande kidogo. Kisusio na chipsi visubiri, na mbege pia, kwa kuwa baada ya upasuaji wa kupunguza uzito pombe inaweza kupanda kichwani upesi kuliko zamani.

Kuharisha kukiendelea, daktari anaweza kukuandikia kolestiramini, lakini dawa hiyo hunasa vitamini na dawa nyingine. Vimeze saa 1 kabla yake au saa 4 baadaye. Vitamini ulizopangiwa baada ya upasuaji wa kwanza usiziache hata siku moja, na ukitapika mfululizo wahi hospitali, kwani upungufu wa vitamini B1 huharibu mishipa ya fahamu.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, macho ya njano, mkojo mweusi, kinyesi cheupe, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba au kukosa pumzi. Iwe ni Mount Meru, Mawenzi au KCMC, sema mapema aina ya upasuaji uliofanyiwa, na uonyeshe karatasi za hospitali ya kwanza. Hilo ni muhimu kwa sababu kwa mtu ambaye mfuko wake wa chakula umeunganishwa moja kwa moja na utumbo, maumivu makali ya kukatakata yanaweza kuwa utumbo uliojinyonga na si mabaki ya nyongo, na kijiwe kilichobaki kwenye mrija hakifikiki kirahisi kwa kamera ya kupitia mdomoni, hivyo madaktari watalazimika kupanga njia nyingine tangu mwanzo.