Namna ya kujitolea katika baraza la ushauri la shirika la wagonjwa

Mashirika mengi ya hisani yanayohudumia watu wenye ugonjwa fulani, uwe kisukari, kifafa, selimundu au saratani, huwa na baraza la ushauri ambalo wajumbe wake wanaishi na ugonjwa huo au wanamuuguza anayeishi nao. Bodi ya wadhamini ndiyo inayoamua na kuwajibika kisheria. Baraza hushauri tu. Anayeingia barazani akitarajia kupitisha bajeti atavunjika moyo mapema, ingawa ushauri uliojengwa vizuri huweza kubadili bajeti hiyo kabla haijafika kwenye bodi.

Kiti hicho hakikutolewa kwa hisani. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, tamko la mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya, na mwaka 1983 watu waliokuwa wakiishi na UKIMWI walikutana Denver, Marekani, wakadai kushirikishwa katika kila ngazi ya maamuzi ya mashirika yanayowahudumia. Mjumbe anayelijua hilo huuliza maswali bila woga.

Kabla ya kuomba nafasi, pata hadidu za rejea za baraza, yaani waraka unaoeleza kazi na taratibu zake. Humo utafute muda wa ujumbe, idadi ya vikao kwa mwaka, anayeandaa ajenda, ngazi ambayo baraza linawasilisha ushauri wake, na kama shirika hurejesha nauli na gharama nyingine, ikiwamo ya mtu wa kukusindikiza iwapo hali yako inamhitaji. Kisha uliza swali moja ambalo kwa maoni yangu linazidi hayo yote: ni ushauri gani uliotolewa na baraza mwaka uliopita, na shirika liliufanyia nini? Shirika lenye baraza hai litakupa mifano papo hapo, hata ya ushauri uliokataliwa na sababu zake, ilhali lile linalotaka nyuso za kupamba ripoti ya mwaka litakujibu kwamba linathamini sana sauti za wagonjwa.

Barua ya maombi isiwe historia nzima ya maradhi yako. Chagua jambo moja au mawili uliyoyaona kwa karibu, kwa mfano ugumu wa kuhudhuria kliniki inayofunguliwa saa za kazi pekee, ueleze lilivyokuathiri na unachodhani kingesaidia. Taja pia maslahi yoyote yanayoweza kugongana na ujumbe wako, kama vile malipo kutoka kampuni ya dawa au ndugu aliyeajiriwa na shirika hilo. Mara nyingi hayakuzuii kuteuliwa, bali hukutaka ukae kando jambo husika linapojadiliwa.

Ukishateuliwa, amua mapema ni mambo gani ya afya yako utakayoyasema na yapi hutayasema, kwani kuitwa mjumbe hakumlazimishi mtu kufungua faili lake. Suala hili ni zito zaidi kwa magonjwa ya kurithi: ukieleza ulivyopata ugonjwa wako, umeeleza pia habari za wazazi, ndugu na watoto wako, ambao hawajaulizwa. Wape nafasi ya kukubali au kukataa. Simulizi za wajumbe wenzako na nyaraka ambazo bado ni rasimu zisitoke nje ya kikao.

Kazi yenyewe ni kuugeuza uzoefu kuwa pendekezo ambalo mtu anaweza kulitekeleza. Chukua kipeperushi cha kifafa kinachoishauri familia itafute msaada wa dharura degedege ikichukua muda mrefu. Aliyewahi kumshika mtoto wake katika hali hiyo anajua kwamba kila sekunde huonekana ndefu, kwa hiyo kueleza tu hofu aliyoipata hakutoshi. Apendekeze kipeperushi kitaje dakika 5, kipimo kinachotumika katika miongozo ya huduma ya kwanza, na kielekeze kutazama saa mara degedege inapoanza. Wataalamu wa shirika watathibitisha upande wa kitabibu, lakini pengo limeonwa na mzazi. Vivyo hivyo unapopewa pendekezo la utafiti usijidai mtakwimu: uliza kama kinachopimwa kina uzito kwa mgonjwa, safari za hospitali ni ngapi, fomu ya ridhaa inaeleweka, na washiriki wataelezwa matokeo.

Jihadhari na kusema kwa niaba ya wagonjwa wote. Aliyegunduliwa juzi, aliyeishi na ugonjwa tangu utotoni na anayemuuguza mwenzake huona mambo tofauti, na wenye hali ngumu zaidi aghalabu ndio wasioweza kufika kikaoni. Wasikilize kabla ya mkutano, kisha useme wazi maoni yapi ni yako na yapi ni yao.

Kwa kuwa ugonjwa haufuati kalenda, kubaliana na katibu tangu mwanzo jinsi utakavyotuma maoni kwa maandishi ukizidiwa, na usione haya kudai mapumziko katikati ya kikao kirefu.

Omba pia kuwepo na daftari la ushauri linaloonyesha kilichopendekezwa, aliyepewa jukumu na jibu lililorudi, na lipitiwe mwanzoni mwa kila kikao. Mapendekezo yakiendelea kukaa bila jibu, mwandikie mwenyekiti ukiyataja moja baada ya jingine. Kimya kikiendelea, una haki ya kujiuzulu na kueleza sababu. Wakati wa kuondoka, rudisha au uharibu nyaraka za siri, na umwachie mrithi wako orodha ya mambo ambayo bado yanasubiri majibu.