Viazi mviringo kwenye viroba uani: kuanzia mbegu hadi sufuria

Shemeji yangu wa Dar alinipigia simu juzi, analalamika. Viazi vyake vimeota majani mpaka kiunoni, amefukua chini amekuta golori. Tukaongea karibu saa nzima, vocha yake ikaisha, akabipu, nikampigia mimi. Nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Hatua ya 1: Jiulize unaishi wapi

Kiazi mviringo ni mtoto wa baridi. Hujaza vizuri kwenye joto la nyuzi 15 hadi 20, na usiku ndio wenye kauli: ukiwa wa joto, mmea unaishia kutengeneza majani. Kwa hiyo Mbeya, Njombe, Mufindi, Lushoto, na kwa ndugu zetu wa Limuru na Nyandarua, endelea kusoma. Wa Mbagala, panda viazi vitamu, utakula na matembele. Shemeji hakufurahi kusikia hivyo.

Hatua ya 2: Mbegu

Hapa ndipo nilipopotezea msimu mzima. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua sado moja sokoni, viazi vimechimbwa jana yake, ngozi bado inachubuka kwa kidole. Nikavipanda jioni ileile. Wiki ya tatu kimya. Wiki ya tano uvumilivu ukanishinda, nikafukua: vingine vizima kama nilivyovilaza, vingine vimeoza, harufu yake sitaki kuikumbuka.

Kumbe kiazi kikitoka ardhini kinalala usingizi. Aina nyingi hulala miezi miwili hadi mitatu, na hakuna maji wala mbolea ya kukiamsha. Shangi ya Kenya huwahi sana kuamka, na ndiyo maana wanaoihifadhi hulia kwamba inachipua ghalani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: vimechimbwa lini? Akijibu "vipya kabisa, bosi", hivyo ni vya kupika.

Chagua viazi vyenye ukubwa wa yai la kuku. Ukiweza, pata mbegu iliyozalishwa kwa kazi hiyo. Huku kwetu anzia kwa bwana shamba au ulizia TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, wao wanafanya utafiti wa zao hili. Za sokoni hubeba mnyauko wa bakteria, nao ukishaingia kwenye udongo wako haukuachi upesi. Tazama macho ya kiazi: ukiona udongo umeng'ang'ania kwenye macho kama umegandishwa kwa gundi, kikate. Ukikuta duara la kahawia ndani, na ukibinya linatoa ute, usinunue hata kimoja kwenye fungu lile.

Sasa kuchipuza. Watu huviacha ndani ya gunia gizani, vinatoa machipukizi meupe marefu kama tambi, ukivigusa tu yanakatika. Mimi natumia trei ya mayai. Kila kiazi kwenye shimo lake, upande wenye macho mengi juu, trei inakaa barazani penye mwanga lakini jua lisipopiga. Machipukizi yanatoka mafupi, manene, ya kijani au zambarau. Yakifika sentimita moja au mbili, mbegu iko tayari. Geuza trei kila baada ya siku chache, na angalia panya.

Wakati mwingine chipukizi moja tu linatoka pale kichwani na macho mengine yananyamaza. Livunje. Najua inauma baada ya kusubiri wiki zote hizo, lakini usipolivunja utapata shina moja na viazi vichache. Ukilivunja, baada ya wiki mbili hivi macho mengine nayo yanafunguka.

Na kukata? Wengi hukata kiazi kikubwa vipande ili mbegu iongezeke. Mimi sikati. Kisu kikipita kwenye kiazi kimoja kigonjwa kimeambukiza vyote vinavyofuata, na kipande kibichi kwenye udongo wenye maji kinaoza. Kama huna namna, kila kipande kibaki na macho mawili au matatu, na uviache siku mbili au tatu mahali pakavu penye hewa mpaka jeraha lifunge.

Hatua ya 3: Kiroba na udongo

Kiroba cha sembe cha kilo 25 kinatosha. Toboa chini matundu kama kumi, kunja mdomo wake kwa nje, jaza udongo mpaka theluthi moja: ndoo mbili za udongo wa juu kwa ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi na majivu mengi huleta ukurutu kwenye ngozi ya kiazi. Udongo usitoke pale ulipokuwa umepanda nyanya, bilinganya au mnavu. Hao wote ni ukoo mmoja na wanaambukizana.

Matairi siyapendi. Yanashika joto, na maji yanabaki kwenye kingo.

Hatua ya 4: Kupanda

Viazi viwili kwa kiroba, machipukizi juu, funika sentimita kumi. Mwagilia.

Hatua ya 5: Kupandishia udongo

Mmea ukifika sentimita 20, ongeza udongo mpaka yabaki majani ya juu tu, huku ukikunjua kiroba. Rudia mara moja au mbili. Kiazi kikipigwa na jua kinageuka kijani, kinakuwa kichungu na chenye sumu, hicho si cha kumpa mtu.

Ila usidanganywe na zile picha za gunia lililojaa viazi kuanzia chini mpaka mdomoni. Kwa aina nilizopanda mimi, viazi hukaa karibu na pale mbegu ilipolala na juu yake kidogo.

Hatua ya 6: Maji na ukungu

Udongo uwe na unyevu siku zote, hasa wakati wa maua, maana chini kiazi kinajaza. Ukikausha kisha ukafurisha, viazi vinapasuka. Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, majani yabaki makavu.

Mvua za huku zikikolea, kuanzia Desemba, ukiona madoa meusi yenye ukingo wa majimaji na utando mweupe chini ya jani, hilo ni bakajani chelewa, lilelile lililoleta njaa ya Ireland mwaka 1845. Ng'oa majani hayo siku hiyohiyo. Dawa za ukungu zipo madukani, lakini nyingi ni za kukinga, hupulizwa kabla. Kwa viroba sita mimi naona rahisi kupanda kiangazi na kubeba ndoo.

Mmea ukinyauka ghafla wakati udongo una maji, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na usiitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni ule mnyauko. Kiroba chote kitoke uani, na udongo wake usiumwage bustanini.

Hatua ya 7: Kuvuna

Kabla majani hayajaanza kuzeeka, funga kitambaa chekundu kwenye viroba vyenye mimea mizima kuliko yote. Majani yakigeuka manjano, kata mashina yote, acha wiki mbili bila maji. Fukua kimoja, kisugue kwa dole gumba. Ngozi ikichubuka, rudisha udongo, usubiri.

Siku ikifika, tandika turubai, pindua kiroba, waite watoto. Wangu hugombania nani ataona cha kwanza. Kiroba changu kizuri kimenipa kilo tatu na robo, nimepima kwenye mzani wa jirani anayeuza dagaa. Vilivyochubuka au kukatika vipikwe leo, na maganda yake, chumvi tu. Vya ukubwa wa yai kutoka viroba vyenye kitambaa chekundu virudi kwenye trei.