Kutabiri milipuko ya Jua kwa vipimo vya sumaku: gawa data kwa eneo, si kwa safu

Swali la modeli ni moja: je, eneo hili la madoa litatoa mlipuko wa daraja M au zaidi (M ni mkubwa, X ni mkubwa kuliko wote) ndani ya saa 24?

1. Vuta data. Tumia Python na maktaba ya drms. Vipimo vya sumaku ya Jua vya chombo cha HMI kwenye satelaiti ya SDO viko JSOC, hifadhi ya data ya Stanford, kimoja kila dakika 12 tangu Mei 2010. Anza na hiki:

`hmi.sharp_cea_720s[377][2011.02.12_TAI/3d@1h]`

Hilo ni eneo 11158, lililotoa X2.2 tarehe 15 Februari 2011. Chora USFLUX (jumla ya sumaku ya eneo) uione ikipanda. Ongeza TOTUSJH (msokoto wa sumaku), TOTPOT (nishati iliyohifadhiwa) na R_VALUE, inayopima sumaku iliyobanana kwenye mpaka wa ncha mbili. Picha ziache kwanza. Vigezo hivi vinatosha.

2. Safisha. Tupa kilicho zaidi ya nyuzi 70 kutoka mstari wa kati wa diski. Mawimbi ya saa 12 na 24 utakayoyaona kwenye vipimo yanatokana na mwendo wa satelaiti, si Jua.

3. Weka lebo (mlipuko upo au haupo) kutoka orodha ya milipuko ya satelaiti za GOES. HARPNUM (namba ya kipande cha HMI, kama 377) si namba ya eneo ya NOAA (shirika la Marekani, kama 11158), na HARP moja, yaani kipande kimoja, huweza kubeba maeneo mawili: soma NOAA_ARS.

4. Gawa data. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Rekodi ya saa nne na ya saa tano za eneo lilelile karibu ni pacha. Ukichanganya safu (rekodi moja moja) ovyo, pacha mmoja anaingia kwenye mafunzo na mwingine kwenye majaribio. Modeli inakariri eneo, alama zinapaa, kisha kwa eneo jipya inaanguka. Gawa kwa HARPNUM (kwa GroupKFold ya scikit-learn), ili eneo lote liwe upande mmoja. Hata hivyo haitoshi: eneo linaloishi muda mrefu huzunguka na kurudi baada ya siku 27 hivi likiwa na HARPNUM mpya. Kwa hiyo napendelea kugawa kwa tarehe, na pengo la mwezi mzima katikati. Wastani wa kusawazisha vipimo ukokotoe kwenye mafunzo tu. Ukipunguza siku tulivu ili kuleta uwiano, punguza kwenye mafunzo. Majaribio yabaki kama Jua lilivyo.

5. Fundisha. Rigresheni ya lojistiki kwanza. Mtandao wa neva usioishinda hauna kazi.

6. Pima kwa TSS: sehemu ya milipuko uliyoinasa, toa sehemu ya vipindi tulivu ulivyovipigia kengele bure. Asilimia ya majibu sahihi isikudanganye: milipuko ikiwa 3 kati ya 100, anayesema "hapana" daima anapata 97.

Usiitumie modeli hii kutabiri dhoruba za sumaku duniani, ambazo huletwa na wingu la plazima kutoka kwenye Jua, si mlipuko wenyewe. Eneo 12192 lilitoa milipuko sita ya X Oktoba 2014, na hakuna hata mmoja uliorusha wingu la plazima.