Picha isiyo na mng'ao kwenye kabati la kioo

Makumbusho ya Elimu Viumbe Arusha, kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1900, au popote penye mafuvu na wadudu nyuma ya kioo: zima flashi, futa lenzi kwa kitambaa laini, kisha gusisha simu kwenye kioo ikiwa bapa kabisa, bila kusukuma. Mng'ao unaoharibu picha ni mwanga wa upande wako: dirisha, taa, shati lako jeupe. Lenzi ikigusa kioo, mwanga huo hauna pa kupenya. Ukiinamisha simu hata kidogo, mwanya unafunguka na taa zinarudi pichani. Simu ya lenzi nyingi ichunge: hakikisha inayopiga ndiyo iliyogusa.

Pakiandikwa usiguse kioo, tii. Acha nafasi ya vidole viwili na uzungushie simu kanga au shali nyeusi. Shali jeupe halifai, lenyewe linang'aa.

Njia hii hushindwa kitu kikiwa karibu mno na kioo, chini ya sentimita 10 hivi, kwa kuwa simu nyingi haziwezi kulenga hapo na meno ya fuvu hutoka ukungu. Plastiki yenye mikwaruzo nayo haina dawa.