Kabla Hujachagua Mitandao ya Nano Kuwa Utafiti Wako

Wanafunzi wa uhandisi wa kompyuta hapa Nairobi wanaovutiwa na mitandao ya nano, yaani vifaa vyenye ukubwa wa seli au chini yake vinavyopashana habari, huanza kwa kuuliza maabara iko wapi. Namsihi kila mmoja atangulize fizikia.

Soma kwanza makala ya mwaka 2008 ya Ian Akyildiz, aliyekuwa profesa wa Georgia Institute of Technology kule Atlanta, na wenzake wawili. Katika fani hii utakutana na njia mbili kuu za kupashana habari, mawimbi ya redio na molekuli, na ni vyema uchague moja mapema, maana hesabu zake hazifanani hata kidogo.

Ukichagua redio, elewa kwa nini grafini inatajwa kila ukurasa. Antena ya kawaida ya metali yenye urefu wa mikromita 1 ingeitikia masafa ya terahezi 150 hivi (terahezi moja ni mitetemo trilioni moja kwa sekunde), makubwa mno kwa kifaa chenye nguvu kidogo namna hiyo. Grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, hupunguza kasi ya wimbi linalosafiri juu yake, kwa hiyo antena ya udogo uleule huweza kufanya kazi kati ya terahezi 0.1 na 10. Tatizo ni kwamba mvuke wa maji hufyonza mawimbi hayo. Usipoingiza unyevu wa hewa katika hesabu, matokeo yako yatapendeza bure.

Kwa molekuli, tatizo ni muda. Molekuli ndogo inayosambaa yenyewe majini huchukua takriban sekunde 0.05 kufika mikromita 10, lakini milimita 1 huichukua zaidi ya dakika 8. Umbali ukizidi mara kumi, muda huzidi mara mia. Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayosubiri jibu la kila ujumbe haifai hapa.

Kazi nyingi utaifanya kwa kuiga mtandao kwenye kompyuta. Programu ya NS-3 ni ya bure, na ina nyongeza ya terahezi iitwayo TeraSim. Andika msimbo unaohifadhi matokeo kila baada ya muda mfupi; stima ikipotea usiku, usianze upya.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, iombe mapema. Ukikusudia kurusha mawimbi halisi, zungumza pia na Mamlaka ya Mawasiliano.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni msimamizi wa pili. Anayefuata njia ya molekuli anahitaji mwanabiolojia au mwanakemia wa kumwambia ni kipi seli inaweza kukifanya. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kutoka Kampasi Kuu hadi kampasi ya Chiromo, wanakofundishwa biolojia na kemia, ni mwendo wa mguu tu. Nenda na swali moja lenye vipimo: molekuli gani, umbali gani, katika kimiminika gani.