Ukuta wa mtaa upake kama kanga

Mtu akinipigia simu kwamba wanataka kupamba mtaa wao, kwanza namuuliza: ukuta wenyewe wa nini? Ukiwa wa matofali ya saruji, kama mwingi wa huku kwetu Ng'ambo, Zanzibar, rangi ya maji itakaa. Ukiwa wa mawe na chokaa, kama wa Mji Mkongwe, usiuguse kwa rangi ya plastiki wala ya mafuta. Unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea huvimbisha malengelenge, mwisho rangi inabanduka na lipu yake. Tena kule lazima upate ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji ule ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Huku Ng'ambo, anza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na mwenye ukuta.

Na usiende na mchoro mkononi. Mimi niliwahi. Nilichora bibi anasuka ukili, uso umetoka hasa, mkabala na msikiti. Asubuhi nikawakuta wazee barazani. Mmoja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, tukitoka kusali tumtazame nani?" Nikaufuta mwenyewe.

Tangu hapo nafuata kanga: pindo la kuzunguka, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yake. Awe Mpemba, Mngazija au Mmakonde aliyehamia juzi, kanga anaijua.

Pindo nagawa kwa nyumba, kila nyumba dhiraa mbili, wachore watakacho: korosho, asumini, karafuu. Mji ni picha moja ya wote, na hiyo inataka kuzungukiwa: wanaume barazani baada ya alasiri, wanawake uani wakishaepua chungu. Ukiita mkutano mmoja watasema wale wale wanne.

Kesi iko kwenye jina. Mara ya mwisho kijana alileta "Hasidi hana sababu". Kina mama wakaguna. Kumbe majirani wawili pale hawasemezani, na kila mmoja angeona kapigwa fumbo ukutani, mchana kweupe. Siku tatu za ubishi, likapita "Wema hauozi".

Kazi yenyewe ngoja masika yaishe, kusi ikaushe ukuta. Mistari piga kwa uzi uliopakwa masizi ya mkaa: wawili wavute, wa tatu aufyatue. Watoto wapake chini, herufi aachiwe fundi.

Rangi iliyobaki iwekeni nyumba moja, makopo yafunikwe vizuri. Mpira wa watoto haukawii kuuchafua ukuta.